Kibali cha kujenga Gasenyi: faili linavyotembea kutoka hati ya kiwanja hadi mita ya Regideso

Kibali cha kujenga ni idhini ya maandishi ambayo mamlaka ya mipango miji humpa mwenye kiwanja kabla ya kuanza ujenzi, kubadili jengo lililopo au kuliongezea orofa. Katika ofisi za Burundi karatasi hiyo huitwa kwa Kifaransa "permis de construire", ingawa watu wengi wa makamo bado huiita "permis de bâtir". Sheria inayoitawala ni Kanuni ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi, yaani Sheria namba 1/09 ya tarehe 12 Agosti 2016. Makala haya yanaeleza namna faili la kibali linavyotayarishwa na kufuatwa kwa majengo ya aina mbili yanayozidi kuonekana kaskazini mwa Bujumbura: jengo la biashara, na nyumba ya orofa inayokaliwa na familia kadhaa. Mfano unaofuatwa ni mtaa wa Gasenyi.

Gasenyi iko upande wa Gihosha, katika komine Ntahangwa, jirani na Kigobe, Nyabagere na Winterekwa. Jina lenyewe linakumbusha neno la Kirundi "umusenyi", yaani mchanga, na anayekusudia kuchimba msingi huko afanye vyema kulitafakari jina hilo kabla ya kumwita fundi. Mtaa umekaa pale ambapo miteremko ya milima ya Mirwa inashukia tambarare ya Imbo. Maji ya mvua yanayotoka juu hupita katika vijito na makorongo kuelekea Ziwa Tanganyika, na kimojawapo cha vijito hivyo kinaitwa Gasenyi vilevile.

Thamani ya viwanja upande huo imebadilika haraka. Ikulu mpya ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kaskazini mwa jiji kwa msaada wa China na kukabidhiwa kwa serikali ya Burundi mwaka 2019, imeleta barabara na macho ya wawekezaji. Aliyenunua kiwanja miaka 20 iliyopita ili apande mihogo na kujenga nyumba ya vyumba vitatu, leo anashauriwa na watoto wake kusimamisha orofa tatu zenye maduka chini. Familia nyingi za Buyenzi na Bwiza, ambazo ua wa wazazi umekwisha kujaa vyumba, nazo zinatazama upande huo. Wengi wao huweka akiba yote ya ukoo katika jengo moja. Kwa sababu hiyo jengo likibomolewa, au likinyimwa umeme, au likipasuka ukuta mwaka wa pili, hasara haimfiki mtu mmoja tu.

Mamlaka zinazohusika

Msomaji aliyezoea kwenda "kwa meya" au "komine" kwa kila jambo hupotea hapa mara ya kwanza. Komine na zoni zinaujua mtaa, na hutoa vyeti vya ukazi na kushughulikia malalamiko ya majirani. Lakini mchoro wa jengo unachunguzwa na wataalamu wa mipango miji. Kazi hiyo ilikuwa ya Kurugenzi Kuu ya Mipango Miji na Makazi, na leo imo mikononi mwa Ofisi ya Burundi ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa OBUHA, chini ya wizara yenye dhamana ya miundombinu. OBUHA ilirithi pia kazi za usafi wa mji zilizokuwa za SETEMU, na hilo lina maana kwa mwenye jengo kubwa, kama itakavyoonekana.

Pembeni ya OBUHA zipo ofisi nyingine ambazo faili haliwezi kuzikwepa. Ofisi ya Hati za Ardhi hutunza daftari la wamiliki. Idara ya upimaji, ambayo watu huiita kadasta, hupima mipaka na kuweka mawe. Maabara ya Taifa ya Majengo na Kazi za Umma, LNBTP, hupima udongo. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, huangalia athari za miradi mikubwa. Mwisho wa safari iko Regideso, yenye maji na umeme.

Zamani mwombaji alizibeba karatasi zake kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kati ya mwaka 2012 na 2013 Burundi ilianzisha dirisha moja la vibali vya ujenzi mjini Bujumbura, likiunganisha maombi ya kibali na ya kuunganishiwa maji na umeme. Kabla ya hapo ilikuwa imefuta sharti la kupata idhini ya Wizara ya Afya na kupunguza gharama ya uchunguzi wa udongo. Ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu mazingira ya biashara, toleo la 2014, iliyataja mageuzi hayo na kuiweka Burundi nafasi ya 140 kati ya nchi 189. Ripoti hiyo ilisitishwa mwaka 2021. Dirisha moja ni msaada mkubwa, ila halimwondolei mtu kazi ya kutayarisha karatasi. Faili likifika na pengo hurudi na pengo lilelile.

Jambo jingine linalochanganya ni mipaka. Jiji lilikuwa na komine 13 kabla ya kuunganishwa kuwa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Kisha mageuzi yaliyopitishwa mwaka 2023, na kuanza kutumika baada ya uchaguzi wa 2025, yakapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42. Karatasi za ununuzi zilizoandikwa miaka ya nyuma zinaweza kutaja komine isiyokuwapo tena. Hati haipotezi nguvu kwa sababu hiyo, lakini mwombaji anapaswa kuandika katika barua yake jina la zamani na jipya la mahali, ili karani asidhani kwamba ni viwanja viwili.

Hati kwanza

Sehemu hii ndiyo inayochukua miezi, na ndiyo inayopuuzwa. Hakuna mchoro, hata uwe mzuri kiasi gani, unaoweza kumpa kibali mtu asiyethibitisha kwamba kiwanja ni chake.

Uthibitisho ulio imara zaidi ni hati miliki iliyosajiliwa, "titre foncier". Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 iliziwezesha pia komine kutoa vyeti vya ardhi, hasa kwa ardhi za vijijini zilizomilikiwa kimila. Chini ya hizo kuna karatasi za mauzo zilizoandikwa kati ya muuzaji na mnunuzi mbele ya mashahidi. Karatasi hizo ni za kawaida sana pembezoni mwa Bujumbura, na mji ulipopanuka kuelekea milimani, mashamba mengi yaliuzwa kwa njia hiyo. Zinathibitisha kwamba fedha zilitolewa. Hazithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mnunuzi aende mwenyewe kwenye Ofisi ya Hati za Ardhi na kuomba habari za kiwanja kwa namba yake: jina la mwenye hati, ukubwa, na kama kimewekwa rehani benki. Madalali, ambao Bujumbura huitwa makomisioneri, hupenda kusema kwamba safari hiyo haina haja kwa kuwa "kila mtu anamjua mwenye kiwanja". Ni kweli kwamba mtaa unajua mambo mengi. Hata hivyo, mtaa hautii saini faili.

Historia ya nchi inaongeza uzito wa tahadhari hiyo. Kaskazini mwa Bujumbura palihama watu wengi wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, na wapo waliorudi wakakuta wengine wamejenga. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilishughulikia migogoro ya namna hiyo hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Sheria ya mwaka 2014 iliunda pia mahakama maalumu ya ardhi. Kiwanja kilichowahi kufikishwa mbele ya tume au mahakama hiyo kina karatasi zake. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji swali hilo waziwazi na kutaka jibu liandikwe katika mkataba.

Kuna pia viwanja vya urithi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mila, na kwa familia za Kiislamu mafundisho ya dini, ndivyo vinavyofuatwa, na mahakama huingia pale ndugu wanapogombana. Mara nyingi hati bado ina jina la baba aliyefariki, wakati watoto saba, wengine wakiwa Dar es Salaam au Ulaya, wanakubaliana kwa simu kujenga nyumba ya kupangisha. Makubaliano ya simu hayatoshi. Mwombaji wa kibali ni yule ambaye jina lake limo katika hati, au aliyepewa mamlaka rasmi na warithi wote. Mabinti nao wamo, hata kama mila ya ukoo fulani haiwapi sehemu ya ardhi, kwa kuwa pingamizi la dada mmoja linaweza kusimamisha kazi wakati nguzo za orofa ya pili tayari zimemwagwa zege. Ni afadhali hati ibadilishwe jina kwanza, hata kama hilo litachelewesha ujenzi kwa msimu mzima.

Kijito na mita 25

Swali la pili ni kama kiwanja kinaruhusiwa kujengwa kabisa. Hapa Gasenyi ina ugumu wake.

Kanuni ya Maji ya Burundi, Sheria namba 1/02 ya tarehe 26 Machi 2012, imeweka ukanda wa kinga ambamo ujenzi hauruhusiwi: mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, na mita 25 kila upande wa mito inayomwaga maji yake katika ziwa hilo. Kiwanja cha kawaida cha mjini chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 25 kina mita za mraba 500, yaani ari tano. Kikiwa kimelalia ukingo wa mto wa namna hiyo, ukanda wa kinga unakimeza chote. Mwenye kiwanja anaweza kuwa na risiti halali za ununuzi na bado asiwe na hata mita moja ya kujenga. Kikiwa umbali wa mita 15 kutoka ukingoni, mita 10 za nyuma zimekatazwa, na zinabaki mita 15 ambazo ndani yake lazima iwekwe nafasi ya mbele, ya pembeni na ya choo.

Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ukali wa ofisi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliteremsha maji, tope na mawe kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini ya jiji, ikiwemo Kamenge, Kinama na Buterere. Watu zaidi ya 60 walikufa na mamia ya nyumba yalibomoka. Mwezi Desemba 2019 mvua iliua tena watu katika mitaa hiyo ya kaskazini, Winterekwa ikiwamo, hatua chache kutoka Gasenyi. Makorongo yanapanuka kila msimu. Paa na yadi zilizofunikwa saruji zinazuia udongo kunywa maji, hivyo kila jengo kubwa jipya linaongeza kasi ya mtiririko unaomfikia jirani wa chini. Kwa sababu hiyo, katika faili la jengo la orofa, njia ya maji ya mvua inastahili mchoro wake pekee.

Mtu anayetaka kujua hali ya kiwanja chake aombe taarifa za mipango miji mapema, kabla ya kumlipa msanifu. Taarifa hizo hueleza matumizi yaliyopangwa kwa eneo, kama ni makazi, biashara au mchanganyiko, pamoja na barabara zilizokusudiwa kupita. Bujumbura ina mpango mkuu unaotazama hadi mwaka 2045, ulioandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, na baadhi ya mistari ya barabara katika ramani hupita juu ya viwanja ambavyo leo vina miembe. Mwenye kiwanja cha makazi anayetaka kuweka maduka lazima aeleze hivyo katika ombi lake. Kuomba kibali cha nyumba ya familia kisha kufungua ghala la vinywaji ni kujitafutia amri ya kufunga.

Udongo, mchoro na hesabu

Kwa nyumba ndogo ya chini, fundi mzoefu anaweza kuujua udongo kwa jembe na macho. Kwa orofa tatu hilo halitoshi. Wataalamu wa LNBTP huchukua sampuli, hupima uwezo wa ardhi kubeba uzito, na hueleza kina cha msingi kinachofaa. Chini ya miteremko ya Mirwa, tabaka za mchanga, changarawe na mfinyanzi hubadilika ndani ya umbali mfupi, na mfinyanzi unaovimba wakati wa masika hunywea kiangazi na kupasua kuta. Aidha, eneo lote limo ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lililotokea katika Ziwa Tanganyika lilifikia ukubwa wa 6.8. Mhandisi anayechora nguzo za Gasenyi bila kulifikiria jambo hilo hajamtumikia mteja wake.

Michoro yenyewe ina mpangilio unaojulikana. Ramani ya mahali huonyesha kiwanja kilipo katika mtaa. Ramani ya uwekaji, "plan d'implantation", huonyesha jengo ndani ya mipaka, umbali kutoka kwa majirani, lango, shimo la maji machafu na mahali pa magari. Hufuata michoro ya kila orofa, sura za nje za pande zote, na mikato inayoonyesha urefu wa ngazi na dari. Kwa jengo la orofa huongezwa hesabu za mhandisi kuhusu nguzo, mihimili na sakafu, pamoja na makadirio ya gharama. Yote huandikwa kwa Kifaransa. Anayesaini faili asilolielewa aombe mtu amsomee, hasa sehemu inayotaja idadi ya orofa na matumizi ya jengo.

Idadi ya orofa si jambo la kupuuza, na Afrika Mashariki ina makaburi ya kulithibitisha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36; uchunguzi ulionyesha kwamba orofa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya kupangisha yenye orofa sita iliyokuwa kando ya mto huko Huruma, Nairobi, ilianguka baada ya mvua, na waliokufa walifika 52. Mwezi Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo lilianguka mchana, watu wakiwa dukani. Msingi uliohesabiwa kwa orofa mbili haujui kwamba mwenye nyumba amepata mkopo wa kuongeza ya tatu. Anayekusudia kuongeza baadaye aseme tangu mwanzo, ili msingi uhesabiwe kwa jengo zima na kibali kitaje awamu zake.

Kwa nyumba ya familia nyingi, kitu kinachosahaulika zaidi ni maji machafu. Bujumbura ina mtambo wa kusafisha maji machafu huko Buterere, lakini sehemu kubwa ya nyumba za mji bado inategemea mashimo. Hesabu ni rahisi: nyumba nane za kupangisha zenye watu sita kila moja ni watu 48, na kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, shimo linapokea lita 2,400 kila siku. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja litajaa, na katika mteremko, litamwagikia kwa jirani wa chini. Mchunguzi wa faili ana haki ya kuuliza ukubwa wa shimo, umbali wake kutoka nyumba za wengine, na gari la kunyonya litaingia kwa njia gani.

Kwa jengo la biashara, swali zito zaidi ni moto. Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na maelfu ya wafanyabiashara wakapoteza mali yao kwa siku moja. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuuzima. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kusema hajui. Maduka yaliyopangwa pande mbili za ujia mwembamba, yenye mlango mmoja na nyaya zilizoungwa na kila mpangaji kwa namna yake, ni mtego. Mchoro uonyeshe mlango wa pili, ngazi pana, swichi kuu inayofikika na nafasi ya gari la zimamoto.

Miradi mikubwa, au ile inayoweza kuchafua, kama kituo cha mafuta au karakana, hupitia pia OBPE kwa uchunguzi wa athari za mazingira, kwa mujibu wa amri ya tarehe 7 Oktoba 2010 na Kanuni ya Mazingira. Mwombaji aulize mapema kama mradi wake umo katika orodha, kwa sababu uchunguzi huo una wataalamu wake na muda wake.

Kuwasilisha na kungoja

Faili lililokamilika huwekwa kwenye dirisha moja pamoja na barua ya maombi, nakala ya kitambulisho, nakala iliyothibitishwa ya hati, michoro na ripoti ya udongo. Kampuni huongeza karatasi zake za usajili. Ni busara kubaki na nakala nzima yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, mtu akiambiwa kwamba faili halionekani hana la kusema.

Ada hulipwa kwa njia rasmi na stakabadhi hutolewa. Fedha inayoombwa mkononi na mtu anayeahidi kuharakisha si ada, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni. Hatari yake haiko kwenye mfuko tu. Kibali kilichopatikana kwa njia hiyo huweza kukosa kumbukumbu katika daftari, na siku ya ukaguzi mwenye jengo husimama na karatasi ambayo ofisi haiitambui.

Baada ya kupokea faili, wachunguzi hulinganisha michoro na kanuni za eneo, kisha hufika kiwanjani. Siku hiyo mwenye kiwanja au mwakilishi wake awepo, na mawe ya mpaka yaonekane. Jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au ndiyo yenye masharti. Masharti ni sehemu ya kibali: orofa zilizopunguzwa au ukuta uliosogezwa mita mbili si ushauri. Likikataliwa, mwombaji adai sababu kwa maandishi, arekebishe na kurudisha. Anayeona ameonewa anaweza kuandikia ngazi ya juu ya wizara, na hatimaye kwenda mahakama ya utawala.

Kungoja kuna gharama. Anayejenga kwa mkopo hulipa riba tangu fedha zinapotoka, si tangu tofali la kwanza. Kwa hiyo haishauriwi kuchukua mkopo mzima kabla ya kibali, ingawa benki nazo hudai hati na kibali kabla ya kutoa fedha nyingi. Uhaba wa saruji ulioikumba nchi miaka ya karibuni umewafanya wengine kuinunua mapema, wakaiona ikiganda ghalani huku faili likiwa bado mezani. Na kwa kuwa kibali kina muda wake, anayekawia kuanza kwa kukosa vifaa aangalie tarehe na aombe kuongezewa kabla haijapita.

Wakati wa ujenzi na baada yake

Kazi ikianza, nakala ya kibali na michoro iliyopigwa mhuri ikae kiwanjani, na ubao wa mradi usomeke kutoka barabarani. Wakaguzi wanapofika, fundi awe na kitu cha kuwaonyesha. Badiliko lolote la maana, kama kuhamisha ngazi, kuongeza orofa au kugeuza gereji kuwa duka, hurudishwa ofisini kwanza.

Jengo lisilo na kibali huweza kusimamishwa, kutozwa faini au kuamriwa libomolewe. Wakazi wa Bujumbura wameona nyumba za kandokando ya mito na barabara zikiwekewa alama ya rangi, kisha mashine zikifika. Katiba inasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma bila fidia ya haki inayolipwa kwanza. Lakini ulinzi huo unamfaa zaidi mwenye hati na kibali, kwa kuwa ana thamani ya jengo iliyokwisha kuandikwa. Asiye navyo huanza kwa kujadiliana kama jengo lake lilikuwa halali, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Wapangaji wake, ambao hawakuhusika na faili lolote, hutoka na magodoro siku ileile. Mpangaji wa duka au wa nyumba mpya ana haki ya kuomba kuona kibali kabla ya kulipa kodi ya miezi kadhaa.

Kazi ikikamilika, wakaguzi hulinganisha jengo na michoro na kutoa cheti cha ulinganifu. Cheti hicho hutumika benki, kwa bima na siku ya kuuza. Maombi ya Regideso ni bora yatayarishwe wakati paa linaezekwa, yakitaja idadi ya nyumba au maduka na nguvu ya umeme inayohitajika, kwa sababu waya uliotosha nyumba moja hautoshi friji nane na mashine ya kuchomelea. Mwenye nyumba ya kupangisha aombe mita ya kila nyumba tangu mwanzo. Mita moja inayogawanywa na familia nane huzaa ugomvi kila mwezi, na kutenganisha nyaya baada ya kuta kupakwa rangi hugharimu zaidi kuliko kuziweka mbalimbali mapema.